Udada wa Wasomi na Deni Lake

Yapo maneno mawili yanayosemwa juu ya umoja wa wanawake waliosoma pamoja, nami nimekusudia kuyapinga yote mawili. La kwanza ni la wanaume, na baadhi yao ni wenzangu katika kazi ya kufundisha: ya kuwa wanawake wakikusanyika halitoki jambo ila umbeya na vitenge. La pili ni la wanawake wenyewe: ya kuwa udada wetu hauna dosari, umetusomesha, umetuozesha, umetuzikia wazazi, na anayeutia kasoro ni hasidi. Neno la kwanza ni la ujinga. La pili ni la kujisifu. Katika mawili hayo la pili lina madhara makubwa zaidi, maana mjinga huweza kufundishwa, lakini mwenye kujisifu hufunga mlango akalala.

Neno udada nalitumia kwa maana ya umoja wa hiari wa wanawake waliokutana shuleni au chuoni, wakaahidiana, kwa kiapo cha ulimi au cha moyo tu, kwamba masomo yakiisha wao hawataachana. Sina shaka kwamba umoja huu huunda maisha ya mwanamke baada ya chuo kuliko cheti chake. Cheti humfikisha mlangoni. Udada humwambia mlango uko wapi, nani yu ndani, na saa ngapi abishe hodi.

Nchi ambako jambo hili limepewa katiba, ada na nishani ni Marekani. Mwaka 1908, katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, wanafunzi wanawake weusi waliunda chama kiitwacho Alpha Kappa Alpha. Mwaka 1913, katika chuo kile kile, wenzao 22 wakaunda Delta Sigma Theta. Majina ni ya herufi za Kiyunani, lakini haja haikuwa ya Kiyunani hata kidogo. Walikuwa wachache, wakidharauliwa kwa rangi na kwa jinsia, wala hapakuwa na mtu aliyewangoja nje ya lango la chuo. Wale wa Delta walikuwa hawajatimiza miezi miwili walipoandamana mjini Washington tarehe 3 Machi 1913 kudai haki ya wanawake kupiga kura. Jambo la kutazamwa katika vyama hivi si sherehe zake za chuoni, bali ni kwamba uanachama haukomi siku ya kuhitimu. Mwanachama akihamia mji mwingine hukuta tawi la watu wazima. Hulipa ada, huketi katika kamati, huchangia masomo ya wasichana asiowajua, na mkono huo umefika hata hospitali ya Thika nchini Kenya. Kamala Harris aliingia Alpha Kappa Alpha mwaka 1986 akiwa mwanafunzi wa Howard. Alipofika Dar es Salaam Machi 2023 akiwa Makamu wa Rais wa nchi yake, miaka 37 ilikuwa imepita, naye alikuwa angali akihesabiwa dada na wenzake wa chama.

Sisemi kwamba vyama hivyo havina ila. Mtu huingia kwa kuchaguliwa. Ada yake si ya maskini. Na palipo na kuchaguliwa pana pia kukataliwa. Nimevitaja ili nipate kipimo: chama cha namna hii kina mkono mmoja wa kupokea na mkono mmoja wa kutoa, na kikipoteza wa pili hubaki kilema.

Kwetu hatuna herufi za Kiyunani. Tuna bweni, tuna chumba cha watu wanne chuoni, na siku hizi tuna kundi la simu lenye jina la shule na mwaka. Mimi nilizaliwa Ziba, katika wilaya ambayo sasa ni ya Igunga, nchi ya pamba, ng'ombe na alizeti. Nikasoma shule moja ya bweni ya wasichana katika Mkoa wa Tabora, kisha chuo kikuu. Kwa miaka zaidi ya ishirini tangu nihitimu, udada huu umenifaa. Habari ya kazi yangu ya kwanza niliipata kwa mwenzangu wa bwenini, si kwa gazeti. Baba yangu alipougua, dada mmoja aliyekuwa daktari alikesha naye, na mwingine akanikopesha nauli bila kuniuliza nitalipa lini. Namjua mwanamke aliyetoka katika nyumba ya kipigo saa nane ya usiku, naye hakuwa na silaha ila namba tatu za simu alizojua kwamba zitaitikiwa. Anayeuita huu umbeya na aseme yeye ana namba ngapi za jinsi hiyo.

Basi nawajibu wanaume kwanza. Katika mji huu wa Tabora palikuwa na shule ya serikali ya wavulana ambayo Julius Nyerere, Rashidi Kawawa na Abdallah Fundikira wote walipita. Waliosoma pale walijuana, wakaitana, wakashauriana, wakagombana na kupatana, na sehemu kubwa ya mambo ya nchi hii ilipita katika kujuana kwao. Hatujasikia mtu akisema kwamba ule ulikuwa umbeya. Uliitwa uongozi. Shule ya serikali ya wasichana nayo ilikuwapo Tabora tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, lakini waliotoka humo wakikaa kitako kuzungumza huulizwa kama wamepika.

Tena, wanaume wasisahau jinsi upweke ulivyotumika kuwa silaha juu yetu. Mwaka 1961, masomo ya chuo kikuu yalipoanza Dar es Salaam, wanafunzi wa sheria walikuwa 14, na mwanamke alikuwa mmoja, Julie Manning. Alihitimu, na mwaka 1975 yeye na Tabitha Siwale wakawa mawaziri kamili wa kwanza wanawake. Lakini darasani hakuwa na mwenzake wa kike wa kumgeukia. Idadi ilipoongezeka, adui akabuni mbinu nyingine. Chuoni palikuwa na genge la siri lililojiita Mzee Punch, likibandika ukutani michoro na maneno ya kufedhehesha, hasa juu ya wasichana. Sheria ya genge ilikuwa hii: aliyebandikwa atengwe, na atakayeonekana akizungumza naye abandikwe pia. Mwaka 1990 Levina Mukasa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alijitoa uhai baada ya kuandamwa na genge hilo. Tazama, msomaji, walichokivunja kwanza: walivunja ujirani wa msichana na msichana. Waonevu walijua thamani ya udada kabla sisi wenyewe hatujaijua.

Hayo yatosha kwa wanaume. Sasa naingia nyumbani kwangu, na huko ndiko kwenye ugomvi wangu hasa.

Katika bweni letu nililala kitanda cha chini. Kitanda cha juu alilala msichana wa Ziba kama mimi, tuliyepanda lori moja la pamba siku ya kwanza ya kidato cha kwanza, masanduku yetu yamefungwa kwa kamba moja. Alikuwa hodari wa hesabu kunishinda. Aljebra niliyokuwa siielewi kwa mwalimu, niliielewa kwake gizani, akinong'ona kutoka juu. Tulipokuwa kidato cha tatu alionekana ana mimba. Siku ile ile aliambiwa afunge sanduku. Hatukumsindikiza hata langoni. Tulikuwa darasani, na kengele ilikuwa imelia. Kitanda cha juu akapewa mwingine.

Kundi letu la simu lilipoanzishwa lilipewa jina la mwaka tulioingia kidato cha kwanza. Angalieni sana: mwaka tulioingia, si mwaka tuliomaliza. Kwa jina hilo yeye alikuwa mwanachama kamili tangu saa ya kwanza. Lakini hakuwamo, wala wengine waliofungishwa masanduku kama yeye hawakuwamo, na kwa muda mrefu mimi sikuliona hilo kuwa ajabu. Naandika neno hili kwa aibu.

Mwezi wa Juni 2017 Rais John Magufuli alitangaza hadharani kwamba katika utawala wake msichana aliyezaa hatarudi katika shule ya serikali. Jambo lenyewe halikuwa jipya. Kufukuzwa kulikuwapo tangu zamani, na kanuni za mwaka 2002 zilikuwa zimekwisha kuliwekea njia. Bali safari hii lilisemwa kwa sauti kubwa. Vyama kadhaa vya wanawake na vya haki vilipinga. Kundi letu, lenye wanasheria, madaktari, wahadhiri na maofisa wa benki, lilikuwa wiki ile likijadili rangi ya kitenge cha kichen pati ya mwenzetu. Mchango ulikuwa shilingi 150,000 kila mmoja, na sare mbali. Niliandika kwamba labda tuseme neno, na kwamba labda tuanze kwa kuwaingiza kundini wale walioanza nasi wasimalize. Nikataja jina la yule wa kitanda cha juu. Pakawa kimya. Kisha mmoja akaandika: kundi hili ni la waliomaliza. Mwingine akaleta picha ya kitenge, na mazungumzo yakaendelea. Nami nilifanya nini? Nililipa mchango, nikashona sare, nikacheza. Kwa hiyo sisemi kama hakimu. Nasema kama mshitakiwa aliyekiri.

Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba wasichana waliokatizwa masomo kwa mimba waruhusiwe kurudi shule. Tulishangilia kundini kana kwamba vita tulipigana sisi.

Mwaka uliopita nilikwenda Ziba likizo, nikamkuta sokoni anauza mchele na karanga. Nilimwamkia kwa desturi ya kwetu, "Mwangaluka, mayu," akaitika, akanitazama, akacheka, akaniita kwa jina la bwenini ambalo hata mume wangu halijui. Ana watoto wanne. Mahesabu ya kikoba cha wanawake wa soko lile anayashika yeye, na wanamwamini kwa sababu hajapata kukosea. Hakuuliza kwa nini hatukumtafuta. Aliuliza habari za wenzetu, mmoja mmoja, kwa jina na kwa kitanda: yule wa dirishani hajambo? Yule aliyekuwa akilia usiku, mama yake alipona? Alikuwa anatukumbuka sote. Watu waliotimiza udada kwa miaka ile yote ni wangapi? Naona alikuwa mmoja, na hakuwamo kundini.

Hili basi ndilo ninalolisema: udada unaohesabu waliomaliza tu si udada, ni orodha ya washindi. Na orodha ya washindi haihitaji upendo wala ujasiri, inahitaji karani.

Watu wa njia ya misafara wanajua mfano wa jambo hili. Katika karne ya 19 Wanyamwezi waliposhika njia ya kwenda pwani, hawakwenda wanaume peke yao. Wanawake walikuwamo, wakibeba mizigo, wakipika, wakifanya biashara yao wenyewe kambi kwa kambi. Msafara ulikuwa mji unaotembea, na ndani yake mgeni alipata watani na ndugu. Lakini tusiupambe kupita kiasi: aliyeugua akashindwa kutembea mara nyingi aliachwa njiani, na ngoma ya kuondoka ikapigwa vile vile. Udada wetu umerithi ngoma ile. Unawapenda sana wanaotembea.

Yako mapokeo mengine tungaliweza kuyarithi. Waswahili wana neno somo. Somo ni mafundisho, na tena ni mwanamke aliyemfunda msichana, akawa msiri wake, akashughulika naye katika ndoa na katika uzazi. Somo hakungoja mwari afuzu ndipo amjue. Alimchukua hali hajui kitu, na aibu ya mwari ilikuwa aibu yake. Lugha yetu, kwa kulipa jina moja fundisho na mwanamke wa jinsi hiyo, ilikwisha kutuonyesha kwamba elimu ya mwanamke ina mtu aliyeibeba. Sisi tumechukua masomo, tukamwacha somo.

Nitaambiwa kwamba hayo ni ya kale na vyama vya kisasa vina kazi nyingine. Basi tutazame mwaka 1955. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa na elimu ya msingi tu na sauti ya kuongoza ngoma, alipotakiwa kuwaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU, hakuanza na wasomi. Alikwenda kwa vikundi vya ngoma na lelemama. Vikundi vile navyo vilikuwa na sare, michango, vyeo na ushindani usio na huruma. Aliyedhani kwamba kitenge cha sare ni dhambi ya kizazi chetu hajui habari. Tofauti ni kwamba jambo la nchi lilipobisha hodi, walifungua. Kabla mwaka ule haujaisha maelfu ya wanawake walikuwa wamechukua kadi. Chama kilipokutana hapa Tabora Januari 1958 kuamua juu ya uchaguzi wa kura tatu, nguvu iliyokuwa nyuma ya wajumbe ilikuwa kwa sehemu kubwa nguvu ya wanawake ambao hawakuwa na cheti cha kuonyesha. Walipata uhuru kwa umoja wa ngoma. Sisi kwa umoja wa shahada tunapata keki.

Hata wasomi wamekwisha kuonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 1987 wanawake waandishi wa habari waliunda TAMWA, na mwaka huo huo wanawake madaktari wakaunda MEWATA; mwaka 1989 wanasheria wanawake wakaunda TAWLA. Wa pili wamekwenda mikoani kuwapima wanawake saratani ya matiti. Wa tatu wametoa msaada wa sheria kwa wajane wasio na wakili. Hao walikuwa marafiki kabla ya kuwa chama, na chama hakikuua urafiki wao. Nani ametuambia kwamba urafiki wa bwenini lazima uishie ukumbini?

Nazijua hoja za dada zangu, na moja nitaipa heshima yake. Wanasema: sisi tumechoka. Kazini tunabeba, nyumbani tunabeba, ukoo wote unatutazama. Mahali pamoja tu ndipo tunapocheka bila kuombwa kitu, nawe wataka kupageuza kuwa ofisi ya ustawi wa jamii. Ni kweli kwamba tumechoka, na kicheko ni haki. Lakini muuza mchele wa Ziba hakuomba fedha. Aliomba habari zetu. Kumwingiza mtu katika kicheko hakupunguzi kicheko. Kinachotuchosha si yeye. Ni kushindana kwa kumbi, vitenge na mapambo, ushindani ambao hapana aliyetulazimisha kuuingia.

Hoja ya pili ni kwamba mambo ya kufukuza na kurudisha wasichana ni ya serikali. Serikali hutoa waraka. Waraka haumwendei mama mwenye watoto wanne kumwambia kwamba anaweza kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, haumtafutii vitabu, haumshikii duka saa ya kusoma. Ada ya mtihani huo haifikii mchango wa kichen pati moja. Aliyeweza kunifundisha aljebra gizani hakukosa akili; alikosa wenzake.

Natoa basi mambo matatu, na atakayeyapinga na ayapinge kwa hoja. Kwanza, kila kundi la waliosoma pamoja liandike upya orodha yake kuanzia siku ya kuingia, si siku ya kutoka, na liwatafute waliopotea kati ya siku hizo mbili. Pili, katika kila mchango wa sherehe sehemu ya kumi itengwe kwa masomo ya aliyekatizwa, awe mwenzetu au binti wa mwenzetu. Tatu, mkutano wa mwaka ufanyike walau mara moja kila miaka mitatu katika mji au kijiji alikotoka mmoja wa wale wasiomaliza, naye awe mwenyeji, aketi mbele, atueleze alivyoishi. Hatakuwa mgeni wa huruma. Miaka ile tuliyokuwa tukisoma yeye naye alikuwa akijifunza, na yako anayoyajua kuhusu nchi hii ambayo hatukufundishwa katika chuo chochote.

Nimekwisha kuandika jina lake kundini mara ya pili, pamoja na namba yake ya simu, ambayo alinipa sokoni kwa mkono wenye vumbi la mpunga. Jibu silijui bado. Kama atakubaliwa, nitampigia kumwambia kwamba yule wa dirishani anamsalimu. Kama jibu litakuwa lile lile, kwamba kundi hili ni la waliomaliza, basi jina langu nalo liondolewe, kwa kuwa mtihani wa hesabu uliowekwa katika cheti changu nusu yake ni kazi yake, na mwenye nusu ya cheti hajamaliza.